Habari za Dawa za Maji Katika Mabwawa ya Samaki

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya ushirika wetu, wenzetu wamekwisha andika habari za mauzo na mikopo. Sisi twapenda kueleza asili ya dawa zitiwazo majini, maana kila mfugaji huzikumbuka siku aonapo samaki wake wana madoa.

Ya kale ni chumvi, nayo haijavuliwa cheo chake. Zikafuata mrututu, pamanganeti na formalini. Lakini iliyopata sifa kuu ni rangi ya kutilia nguo iitwayo malakiti ya kijani. Mwaka 1936 huko Marekani, Foster na Woodbury walitangaza kwamba rangi hiyo huangamiza ukungu wa samaki. Bei yake ilikuwa nafuu na kidogo chake chatosha, basi ikaenea ulimwenguni. Kumbe mabaki yake hukaa siku nyingi katika mafuta ya samaki, nayo yakashukiwa kumletea mlaji saratani. Uingereza na China ziliikataza mwaka 2002; hata hivyo mwaka 2005 ilikutwa katika mikunga waliouzwa Hong Kong, waliotoka China. Mnunuzi aliyetishika hamwulizi muuzaji samaki huyu ni wa bwawa gani, huwaacha wote.

Dawa zilizosalia nazo zina masharti. Mrututu katika maji yenye chokaa kidogo huua samaki pamoja na vimelea. Formalini hupunguza oksijeni majini, hivyo kuwatilia samaki wanaotweta alfajiri ni kuwanyonga. Hao wahitaji maji mapya, wala pengine hawaumwi kabisa. Pamanganeti humalizwa na uchafu kabla ya kufika penye ugonjwa.

Tena kuna hesabu. Bwawa la mita 300 za mraba, lenye kina cha mita 1, lina mita 300 za ujazo. Kwa gramu 2 za pamanganeti kila mita ya ujazo, zatakiwa gramu 600. Tope likipanda na kina kubaki sentimita 60, zatosha gramu 360. Atiaye 600 zile zile kwa mazoea anazidisha dawa kupita mara moja na nusu. Ndiyo sababu twaona ufito wa kupimia kina una faida kuliko chupa yoyote ya dukani.

Kwa mayai, vituo kadhaa vya kutotolea vifaranga sasa hutumia haidrojeni peroksaidi, ambayo huvunjika ikawa maji na oksijeni.