Jasho la Mrushaji

Mwaka 1987 Nolan Ryan, mrushaji wa timu ya besiboli ya Houston Astros, alimaliza msimu akiwa na ushindi 8 na vipigo 16. Aliyesoma hesabu hiyo peke yake angeapa kwamba mzee huyu wa miaka 40 amekwisha. Kumbe katika ligi yake nzima hapakuwa na mrushaji aliyetoa wapigaji wengi zaidi kwa mkono wake mwenyewe, 270, wala aliyeruhusu mikimbio, yaani pointi za mchezo huo, kwa wastani mdogo kuliko wake. Wenzake hawakumpatia mikimbio, basi. Ryan alirusha vizuri na kuandikiwa vipigo.

Dhuluma hiyo ndiyo iliyowasukuma watu, kwa zaidi ya karne moja, kutafuta namna ya kutenga jasho la mrushaji na jasho la wenzake.

Safari ilianza kwa Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Exeter, Uingereza, aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Aliijua kriketi, na kutoka huko akaleta desturi ya kuujaza mchezo wa besiboli katika jedwali dogo la gazeti. Enzi zake mrushaji alianza mchezo na kuumaliza mwenyewe, hivyo kumpa ushindi au kipigo hakukuonekana ajabu. Cy Young alistaafu na ushindi 511, na hakuna aliyemfikia hadi leo. Ila warushaji wa akiba walipozoeleka, ushindi ukawa haujulikani ni wa nani. Mwaka 1912 ligi ya National ikakubali rasmi kipimo kiitwacho ERA: mikimbio ambayo mrushaji anastahili kubebeshwa kwa kila awamu 9. Mikimbio iliyotokana na kosa la mlinzi uwanjani haimhusu.

Lilikuwa jambo la haki, lakini haki nusu. Mwandishi rasmi aliyeketi uwanjani ndiye anayeamua kosa ni lipi. Mlinzi mzito wa miguu asiyeufikia mpira haandikiwi kosa. Mzigo unamwangukia mrushaji, kama golikipa anayelaumiwa kwa mabao ambayo mabeki waliyafungulia mlango.

Tena kuna suala la zama. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis alikuwa na ERA ya 1.12 tu, na bado akapoteza michezo 9. Mwaka huo warushaji walitawala kila mahali, hata mwaka uliofuata kilima wanachorushia kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Pedro Martínez wa Boston, mwaka 2000, alipata 1.74, huku wastani wa ligi yake ukiwa 4.91. Ukimweka kila mmoja kando ya warushaji wa siku zake, Martínez anampita Gibson. Mimi naamini hakuna msimu wa mrushaji uliouzidi ule.

Naam, au labda ulikuwapo: wa kwake mwenyewe, mwaka mmoja kabla.

Kuliona hilo kulihitaji watu wa nje ya klabu. Bill James, mlinzi wa usiku katika kiwanda cha kusindika vyakula huko Kansas, alianza mwaka 1977 kujichapishia vitabu vya hesabu za besiboli, akihoji kila kipimo kilichorithiwa. Kisha mwaka 2001 Voros McCracken akaandika jambo lililowashangaza wengi: mpira ukishagongwa na kubaki uwanjani, mrushaji ana uwezo mdogo mno juu ya kitakachofuata. Alizidisha kidogo, lakini kiini kilisimama. Tom Tango akaunda kipimo cha FIP kinachohesabu yale yasiyopita mikononi mwa walinzi: mapigo yanayovuka ukuta yanazidishwa kwa 13, vituo vya bure kwa 3, na wapigaji waliotolewa na mrushaji mwenyewe wanapunguza kwa 2 kila mmoja. Kwa mizani hiyo, Martínez wa 1999, aliyetoa wapigaji 313 na kuruhusu mapigo 9 tu ya kuvuka ukuta, anamshinda yule wa 2000 aliyetoa 284 na kuruhusu 17. ERA ilikuwa imesema kinyume.

Siku hizi kamera zinapima hata mizunguko ya mpira kwa dakika. Wapiga kura wa tuzo nao wamebadilika: mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alipewa tuzo ya mrushaji bora, iitwayo Cy Young, akiwa na ushindi 10 na vipigo 9, kwa kuwa wastani wake ulikuwa 1.70. Laiti Ryan angezaliwa baadaye!

Wapo waliodhulumiwa zaidi ya Ryan. Satchel Paige, mrushaji aliyenyimwa ligi kuu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, aliingia timu ya Cleveland mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Mwaka 2024 takwimu za Ligi za Weusi, za 1920 hadi 1948, ziliunganishwa na kumbukumbu za ligi kuu, na jina lake likapata mistari mipya. Lakini michezo mingi ya Paige ilichezwa katika miji midogo, njiani, ambako hapakuwa na mtu wa kushika kalamu.