Mzigo Uliohamia Karakana: Historia ya Breki za Dramu za Nyuma

Katika magari mengi yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1960, kila gurudumu la nyuma lilifunika chombo cha mviringo cha chuma kiitwacho dramu, na ndani ya dramu hiyo mlikuwa na viatu viwili vya breki, yaani vyuma vilivyopindwa kufuata umbo lake, vikiwa vimeshikiliwa na springi, pini na vifaa vidogo vidogo ambavyo ni rahisi kuving'oa na vigumu kuvirudisha. Mpangilio huo haukubuniwa na mtu mmoja wala kwa mara moja. Karibu kila kipande kiliongezwa kwa wakati wake ili kumpunguzia dereva taabu fulani, hasa uhaba wa nguvu za mguu, na kila taabu iliyopungua barabarani iliongeza kazi ya fundi karakanani.

Magari ya kwanza ya Ulaya yalirithi breki ya magari ya farasi, ambayo ilikuwa kipande cha mti au ngozi kilichokandamizwa kwenye ukingo wa gurudumu. Tairi za kujazwa upepo zilipoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, njia hiyo haikufaa tena, kwa kuwa ingezila tairi zenyewe, na hivyo wahandisi wakaufunga mkanda wa chuma kuzunguka dramu iliyoungwa na gurudumu au na ekseli. Mkanda uliobanwa kwa nje ulikamata vizuri gari lilipokwenda mbele, lakini uliingiwa na vumbi na maji, na kwa kawaida ulilegea gari lilipoanza kurudi nyuma mlimani. Kwa sababu hiyo baadhi ya magari yalibeba fimbo ya chuma chini ya tumbo, ambayo dereva aliiangusha ichome ardhi endapo gari lingeanza kuteleza kinyumenyume. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault aliigeuza hali hiyo kwa kuweka viatu ndani ya dramu, mahali palipokingwa na matope, vipanuke na kuusugua ukuta wake wa ndani.

Faida ya viatu vya ndani ilizidi ile ya kukingwa na vumbi. Dramu inayozunguka hukivuta kiatu kimoja kuelekea kule kule kinakosukumwa, nacho hujikaza chenyewe kwa nguvu kubwa kuliko ile aliyoitoa dereva, ilhali kiatu cha pili husukumwa na mzunguko huo huo kiachane na ukuta. Cha kwanza huitwa kiatu kinachoongoza na cha pili kiatu kinachofuata. Gari likirudi nyuma, viatu hivyo hubadilishana majukumu, na ndiyo maana breki ya aina hii huweza kulishika gari lililoegeshwa mlimani liwe limeelekea juu au chini. Sifa hiyo ya kushika pande zote mbili ni mojawapo ya sababu za dramu kudumu nyuma ya gari hata baada ya kuondolewa mbele.

Kwa muda mrefu breki zilikuwa nyuma tu. Wajenzi wa magari walihofu kwamba magurudumu ya mbele yakifungwa ghafla gari lingekosa mwelekeo, na pia haikuwa rahisi kupitisha vyuma vya kuvutia breki katika gurudumu linalogeuka kwa usukani. Mhandisi Mfaransa Henri Perrot alikuwa miongoni mwa waliolitatua tatizo hilo la pili, na katika miaka ya 1920 breki za magurudumu manne zikawa jambo la kawaida.

Ndipo likazuka tatizo la usawa. Vyuma na nyaya zilizounganisha kanyagio na magurudumu manne zilitanuka na kulika kwa viwango tofauti, na gari lililovuta zaidi upande mmoja lilikuwa hatari kuliko gari lenye breki dhaifu. Mmarekani Malcolm Loughead alitumia mafuta ndani ya mirija, kwa kuwa kimiminika kilichofungiwa husambaza mgandamizo sawasawa kila upande. Duesenberg ya mwaka 1921 ikawa gari la kwanza la kuuzwa kwa umma lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote, na Chrysler ikafuata mwaka 1924 baada ya wahandisi wake kuziboresha kwa vikombe vya mpira vilivyozuia uvujaji. Si wote walioshawishika. Ford iliendelea na vyuma vya kuvuta hadi magari yake ya mwaka 1939, na Volkswagen ya bei nafuu ilibaki na nyaya hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa ile iliyouzwa nchi za nje ilikuwa imepata mafuta tangu mwaka 1950. Kwa fundi, mabadiliko hayo yalileta silinda ndogo juu ya viatu, ambayo huvuja mpira wake unapozeeka, na wajibu wa kutoa hewa kwenye mirija, kazi ambayo kwa desturi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu.

Hata hivyo, kilichowatesa mafundi zaidi ni uvumbuzi uliosambazwa na kampuni ya Vincent Bendix, aliyepata haki za hataza za Perrot nchini Marekani. Katika breki hiyo viatu viwili havikufungwa chini kila kimoja kwenye egemeo lake, bali viliunganishwa na skrubu ya kurekebishia inayoelea, huku egemeo pekee likiwa juu. Kanyagio likibonyezwa, kiatu cha mbele hushikwa na dramu, huisukuma skrubu, na skrubu hukikandamiza kiatu cha nyuma kwa nguvu iliyokwisha kuongezeka. Kwa kuwa kiatu cha nyuma hufanya sehemu kubwa ya kazi, bitana lake, yaani tabaka la msuguano lililobandikwa juu ya chuma, kwa kawaida ni refu kuliko la kiatu cha mbele. Anayevipachika kinyume atafunga kila kitu bila kuona kasoro, dramu itaingia na gurudumu litazunguka, lakini gari litasimama vibaya na bitana fupi litakwisha mapema. Skrubu nayo ina hesi inayotofautiana kati ya kulia na kushoto. Ile inayojirekebisha yenyewe, iliyoenea Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikiwekwa upande usio wake hulegeza breki badala ya kuikaza. Wenzo wa breki ya mkono, ulioungwa na kiatu cha nyuma, pamoja na upau unaokisukuma cha mbele, lazima viwe mahali pake kabla springi kali za kurudishia hazijavutwa hadi kwenye egemeo. Desturi ya mafundi ya kufungua upande mmoja tu kwa wakati, ili wa pili ubaki kuwa kielelezo, ina thamani kuliko michoro mingi ya vitabuni.

Bitana lina historia yake, na si ya kujivunia. Mwingereza Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo, alianza mwaka 1897 kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa lami, kisha mwaka 1908 akaingiza asbesto, ambayo ilistahimili joto lililounguza pamba. Kwa miongo mingi mafundi walilipuliza vumbi la dramu kwa upepo wa pampu, wakavuta kwa pumzi nyuzi zinazosababisha saratani, na hapa mzigo uliohamia karakana haukuwa tena ugumu wa kazi peke yake. Dramu ya gari la kale bado yafaa kusafishwa kwa kitambaa kilicholowa.

Afrika Mashariki iliyajua vema magari hayo. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 na kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, iliingia sokoni ikiwa na dramu kwenye magurudumu yote manne. Land Rover za zamani nazo zilikuwa na dramu nne, na ya tano nyuma ya giaboksi, kwa sababu breki yao ya mkono ilishika shafti badala ya magurudumu. Hivyo anayezikusanya upya breki zao za nyuma hana wenzo wa mkono wa kuhangaika nao, jambo ambalo huwashangaza waliozoea magari madogo.

Udhaifu ambao dramu haikuuponya ni joto. Ikipata moto katika mteremko mrefu hutanuka na kuviacha viatu nyuma, kanyagio likazidi kuzama, ilhali breki ya diski hutanuka kuelekea vibano vyake. Jaguar iliposhinda mbio za Le Mans mwaka 1953 kwa diski, hatima ya dramu za mbele ilikuwa imeamuliwa. Nyuma, ambako mzigo wa kusimamisha ni mdogo na breki ya mkono ni rahisi kuunganishwa, dramu zilibaki. Na hata gari la umeme la Volkswagen ID.3, ambalo mota yake hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo na kuziacha breki za nyuma zikitumika kwa nadra, lilipewa dramu, kwa kuwa diski isiyotumika hupata kutu upesi.