Rasilimali Watu na Mahusiano ya Kazi, Elimu ya (Kigali)

Elimu ya rasilimali watu na mahusiano ya kazi ni taaluma ya chuo kikuu ichunguzayo jinsi watu wanavyotafutwa, wanavyoajiriwa, wanavyofunzwa, wanavyopimwa, wanavyolipwa na hatimaye wanavyoagwa kazini, pamoja na sheria, desturi na mapatano yanayotawala mambo baina ya mwajiri, mwajiriwa na dola. Makala haya yaieleza kama ilivyo Kigali, na hususan kwa jicho la Kimisagara, umurenge wa wilaya ya Nyarugenge ulioko chini ya Mlima Kigali, karibu na kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo, ambako kazi ya kutwa na biashara ndogo ndogo ndizo riziki ya watu wengi.

Majina. Jina la taaluma hii limekusanya mawazo mawili yasiyopatana kwa wepesi. Rasilimali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kichwa cha mali, yaani mtaji wa mfanyabiashara. Hivyo mtu aitwapo rasilimali huwa amekwisha kutiwa katika hesabu moja na fedha na bidhaa za mwenye duka. Ujira, ajira, mwajiri na mwajiriwa ni maneno ya shina jingine la Kiarabu, lenye maana ya malipo ya kazi, nayo hayasemeki ila pana watu wawili waliopatana, mmoja akitoa nguvu zake na mwenziwe akimlipa. Ama kibarua, ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa ili siku zake zihesabiwe. Jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Kwa Kinyarwanda mtu huyo huitwa nyakabyizi.

Historia. Katika pwani ya Afrika Mashariki mahusiano ya kazi yalijulikana bandarini kabla ya kufundishwa darasani: migomo ya Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947, na ya Unguja mwaka 1948, iliwaonyesha watawala wa Kiingereza kwamba hamali ajuaye kuweka mzigo chini hana budi kusikilizwa. Rwanda ilijiunga na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1962, ikapata kanuni yake ya kazi mwaka 1967. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, CESTRAR, liliundwa mwaka 1985 chini ya kivuli cha chama tawala, likajitenga nacho mwaka 1991. Kwa upande wa elimu, chuo kikuu cha taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963. Mwaka 2013 kiliunganishwa na taasisi nyingine za umma na kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, ambacho koleji yake ya biashara na uchumi iko Gikondo, Kigali. Miongoni mwa vyuo vya binafsi, ULK ya Gisozi ilianza mwaka 1996.

Mafunzo. Somo hili husomwa ama kwa shahada yake yenyewe, ama kama mchepuo ndani ya uongozi wa biashara. Nusu ya kwanza ni ya ofisini: kupanga nafasi za kazi, kusaili waombaji, kuweka viwango vya mishahara, kutunza majalada. Mwanafunzi wa Kigali hukutana hapa na jambo la kwao, imihigo, ahadi za utendaji ambazo tangu mwaka 2006 viongozi wa wilaya huzitia sahihi mbele ya Rais, na ambazo jina lake limetoka katika desturi ya kale ya mashujaa kuapa hadharani watakalotenda. Nusu ya pili ni ya mapatano: vyama vya wafanyakazi, mikataba ya pamoja, usuluhishi na sheria.

Sheria. Msingi wa nusu hiyo ya pili ni sheria ya kazi nambari 66 ya mwaka 2018. Kwa mujibu wake mkataba waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, lakini wa mdomo haupiti siku 90 mfululizo. Atakaye kuvunja mkataba usio na ukomo hutoa notisi ya siku 15 ikiwa utumishi haujatimia mwaka, na siku 30 ikiwa umetimia au kuzidi. Shauri la mtu mmoja huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi, wakishindwa hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa mahali hapo, na suluhu ikikosekana ndipo mahakama huingia. Hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi hakuachwa nje kabisa, kwa kuwa usalama na afya kazini, hifadhi ya jamii na haki ya kuunda chama vyamhusu yeye pia.

Kimisagara. Walakini ngazi hiyo ya mashauri yadhani kwamba pana mwajiri mwenye anwani. Fundi mwashi ashukaye alfajiri kando ya mfereji wa Mpazi hupatana kwa mdomo, hulipwa jioni, na kesho humtumikia mtu mwingine. Siku 90 zaweza kumpita bila ya kumkuta na bwana mmoja. Kwa hiyo kilicho na manufaa kwake ni kile kimfuatacho yeye, si kile kikaacho kwa mwajiri. Akiba ya Ejo Heza, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, humpokea hata asiye na mshahara wa mwezi. Kituo cha vijana cha Kimisagara hutoa mafunzo ya kumwandaa kijana kwa kazi. STECOMA, chama cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na kazi za mikono, kimejulikana kwa kuwapima mafundi waliojifunza kwa kutazama na kutenda, kisha kuwapatia vyeti. Na cheti hicho, tofauti na kikaratasi kilichompa kibarua jina lake, hakihesabu siku alizomtumikia mtu, bali chashuhudia ufundi alio nao mwenyewe.