Siku ya Kupisha: Neema na Ujirani katika Nyanda za Juu Kusini

Anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu huiona migomba kabla ya nyumba. Udongo wa volkano na mvua nyingi vimewapa Wanyakyusa wa Rungwe ndizi, maharage na maziwa kwa vizazi. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, walikuta neema hiyo ina utaratibu wake.

Wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao kando. Kula walikwenda kwa zamu: leo kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Vibanda vilikua vikawa kijiji, na rika likazeeka pamoja. Nguzo yake ilikuwa ukwangala: raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza nao na kula nao. Mwenye ng'ombe aliyekula peke yake aliogopa "pumzi ya watu", manung'uniko ya majirani yaliyoaminika kuleta maradhi. Kisha, mara moja kila kizazi, ilifika sherehe ya ubusoka: watoto wa chifu wakakabidhiwa utawala, wazee wakasogea, ardhi ikagawiwa upya.

Tusiupambe mno utaratibu huo. Wasichana hawakuwa na kijiji cha rika lao, na chakula kile cha zamu kilipikwa na akina mama.

Kahawa ilichangia kuulegeza. Shamba la ulezi mtu huliacha baada ya mavuno; mbuni huzaa miaka mingi, na aliyeupanda haoni sababu ya kumwachia mwingine.

Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, neema ilikuja kwa mahindi na trekta. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wachache walifyeka maeneo makubwa, wengine wakabaki vibarua au wapangaji wa mashamba. Azimio la Arusha la 1967 lilipofuatiwa na vijiji vya ujamaa, mashamba hayo nayo yakaguswa. Siku ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi na mkulima wa huko, Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa kuhamia ni 1976.

Ujamaa na ukwangala vilitafuta jambo moja: shibe ya mmoja isiwe njaa ya jirani. Lakini Rungwe kijana alikua akijua kwamba zamu yake ya kupokea itafika, na baada yake zamu ya kupisha. Mkulima wa Isimani siku yake ya kupisha hakuijua. Aliletewa na serikali, trekta lake likiwa tayari shambani.