Safari ya Nyakabanda: dawa za malaria na laini ya simu

Nyakabanda ni sekta ya wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, jirani na Nyamirambo, ambako Kiswahili kilizoeleka mitaani muda mrefu kabla bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Wengi wanaofika huko kutoka Ulaya, Australia au Amerika Kaskazini si watalii, bali huenda kuwaona ndugu. Nao ndio mara nyingi husafiri bila dawa za kinga.

Aliyekulia huko hudhani kuwa mwili wake bado umeizoea malaria. Lakini kinga hiyo hujengwa na maambukizi ya mara kwa mara. Hupungua mtu akikaa ughaibuni, na mtoto aliyezaliwa nje hanayo kabisa. Baridi ya usiku ya Kigali, jiji lililo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nayo huwapumbaza wageni. Malaria ipo Rwanda nzima, mwaka mzima. Klorokwini, ambayo wazee wengi wanaikumbuka, haitegemewi tena. Daktari anafaa kuonwa wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, kwani baadhi ya dawa huanza kumezwa mapema, na zote huendelea kutumiwa baada ya kurudi. Chandarua chenye dawa bado kinahitajika.

Anayepitia kwanza Uganda, Kenya au Kongo huweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano mpakani.

Laini za MTN na Airtel husajiliwa kwa pasi ya kusafiria. Simu iliyofungwa na kampuni ya nyumbani haitaipokea laini hiyo, hivyo ifunguliwe kabla ya kuondoka. Wenyeji hulipia mambo mengi kwa simu, lakini manufaa makubwa zaidi huonekana homa inapompanda mtoto usiku wa manane: nambari 912 huita gari la wagonjwa, na 114 ni ya kuulizia masuala ya afya. Mitaani wapo pia wahudumu wa afya ya jamii, ambao hupima malaria kwa tone la damu ya kidoleni. Wenyeji wanawafahamu.

Homa huweza kuzuka hata miezi kadhaa baada ya kurudi. Daktari wa ughaibuni huenda akadhani ni mafua, asipoambiwa mara moja kuwa mgonjwa alikuwa Rwanda.