Safu ya Lugha: Kipaza Sauti

Mkazi wa Gasenyi, Bujumbura, anayetaka kuigeuza sebule yake kuwa sinema ndogo atakutana na majina mawili: spika, na bafle lililotoka kwenye Kifaransa. Kamusi humwongezea la tatu, kipaza sauti, kutokana na kitenzi paza, yaani kuinua. Ni jina zuri, ila lisimfanye mnunuzi adhani anatafuta kelele.

Mfumo wa sauti wa 5.1, wa sinema ya nyumbani, una spika tano na moja ya besi. Ya katikati, karibu na televisheni, hubeba mazungumzo. Mbili za mbele hubeba muziki. Mbili za kando, juu kidogo ya masikio, huleta mvua na upepo. Kazi ya mfumo huu ni kuipa kila sauti mahali pake, ndiyo maana napendekeza tuuite “sauti mzingo”.

Kwa bajeti ndogo, anza na mbili bora za mbele na amplifaya yenye nafasi ya kuongeza nyingine. Besi isogezwe mbali na ukuta wa jirani: mngurumo wake hupenya matofali, na ujirani mwema una thamani zaidi kuliko filamu yoyote.