Ndoana Moja na Ndoana Nyingi: Habari za Mshipi Upande wa Geita

Ndugu wanachama, katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, habari nyingi ni za pamba, mizani na bei. Lakini wengi wetu tukaao kandokando ya ziwa, toka Nkome hata Chato, tuna jembe mkono huu na mshipi mkono ule. Na ndugu zetu wa Shinyanga, walio mbali na maji, hula samaki mkavu atokaye huku. Basi yafaa habari ya ndoana nayo iandikwe.

Hapo kale Warongo wa Uzinza waliyeyusha chuma kwa moto wa makaa, na majembe ya Uzinza yaliuzwa mpaka Usukuma. Mahali chuma kipatikanapo kwa jasho namna hiyo, ndoana hutunzwa kama jembe. Baadaye zikaja ndoana za kiwandani na nyuzi za nailoni, na mvuvi akaweza kufunga mamia ya ndoana katika mshipi mmoja.

Onyo tulikwisha kupewa. Nyavu za kitani zilifika Kisumu mwaka 1905, na mavuno ya ngege yakawa makubwa, kisha yakapungua. Bwana Michael Graham alipolikagua ziwa mwaka 1927 na 1928, alishauri kwamba tundu la wavu lisipungue inchi 5. Wingi wa nyavu haukuongeza samaki ziwani.

Sangara aliletwa katika ziwa hili upande wa Uganda katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 alienea kwetu, akala furu wengi mno, na katika miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vikawa vikimnunua kwa ajili ya nchi za ng'ambo. Hapo ndoana ikawa mali. Mwenye ndoana 100 alitamani 500.

Lakini kila ndoana ni kinywa kidaicho chambo. Chambo ni furu, au kambare mdogo, tena akiwa hai ndiye bora. Ukiongeza ndoana 400, utatafuta chambo 400. Na wako waendao kukitafuta kwa kokoro lenye matundu madogo, likikumba pwani pamoja na watoto wa sato na wa sangara. Tena, namba ya ndoana ikizidi, ndoana yenyewe hupungua. Ndoana ndogo humnasa sangara asiyefika sentimita 50, ambaye sheria hukataza avuliwe kwa kuwa bado hajazaa.

Tamaa hiyo si ya mvuvi maskini peke yake. Katika Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, wageni wenye kibali huvua sangara kwa mchezo, wakiburura samaki wa bandia nyuma ya mashua. Wavuvi wa mchezo huo duniani hupenda kumwongezea samaki huyo ndoana nyingine mkiani, ili auma-mkia asiponyoke. Ni kweli kwamba wachache zaidi huponyoka. Lakini ndoana ya ziada huweza kuharibu mwendo wa chambo hicho, na huchoma jicho au shavu la samaki, hata akirudishwa majini asiishi.

Sasa tufikiri kama wanaushirika. Mvuvi mmoja akitumia ndoana kubwa, na jirani yake ndogo, yule wa kwanza hakulinda kitu. Amemwekea jirani tu. Kwa hiyo uamuzi huu hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Ndiyo maana tangu mwaka 1994 nchi za Tanzania, Kenya na Uganda zina shirika moja la uvuvi wa ziwa hili, na kwenye mialo yetu viko vikundi vya kulinda rasilimali za uvuvi. Mwanachama na ahudhurie mkutano wa mwalo kama ahudhuriavyo mkutano wa chama cha msingi, na huko wakubaliane namba moja ya ndoana.

Mizani ya uongo humwibia jirani. Ndoana ndogo humwibia mtoto wako mwenyewe.